Mnyama wa Maabara na Mikono Inayomtunza: Kazi ya Viwango na Kazi ya Mafunzo

Kwa miongo mingi, karibu kila aliyeanza kazi katika chumba cha wanyama wa utafiti alifundishwa kumnyanyua panya mdogo kwa kumshika shina la mkia na kumhamishia kizimba kingine. Njia hiyo ni ya haraka, inampunguzia mshikaji hatari ya kuumwa, na wahudumu wakongwe waliirithisha kwa wageni bila ya mtu kuihoji. Mwaka 2010 Jane Hurst na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba panya wanaonyanyuliwa kwa mkia humkwepa mtu, hukojoa na kunya wanaposhikwa, na huonyesha hofu kubwa katika vipimo vya tabia. Wenzao walioachwa waingie wenyewe katika kipande cha bomba la plastiki, au waliochotwa kwa viganja viwili vilivyo wazi, humsogelea mtu yule yule na kumnusa.

Tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa ya mkono tu, na hakuna sheria iliyokuwa ikivunjwa kwa kumshika panya mkia. Ndiyo maana nauanzia mjadala hapa. Taasisi inaweza kutimiza kila kipimo kilichoandikwa katika mwongozo, ikapata na cheti cha ithibati cha kutundika ukutani, na bado mnyama akaishi kwa hofu kila siku kwa sababu anayemhudumia hakufunzwa, au alifunzwa vibaya. Viwango huweka kima cha chini cha makazi na matunzo. Namna mnyama anavyoishi hasa huamuliwa na umahiri wa watu wachache wanaoingia chumbani mwake asubuhi na jioni.

Ugumu wa jambo hili unatokana na wingi wa vyombo vinavyolisimamia, ambavyo mara nyingi huchanganywa katika mazungumzo. Ipo misingi ya maadili, ipo sheria ya nchi, upo mwongozo wa kitaalamu wenye vipimo, ipo ithibati inayotolewa na chombo cha nje, ipo kamati ya ndani ya taasisi, na yapo mafunzo ya mtu mmoja mmoja. Kila kimoja kina kazi yake, na kimoja kikikosekana vingine haviwezi kuliziba pengo lake.

Misingi inayotajwa karibu kila mahali iliwekwa mwaka 1959 na Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, katika kazi waliyoagizwa na UFAW, shirika la ustawi wa wanyama lililoanzishwa mwaka 1926. Kwa maneno mepesi, walimtaka mtafiti ajiulize maswali matatu kwa mpangilio. Je, jambo analolitafuta linaweza kupatikana bila ya kumtumia mnyama hai? Kama haliwezekani, ni idadi gani ndogo kabisa ya wanyama itakayotoa jibu la kuaminika? Na kwa wale watakaotumika, maumivu na hofu yao vitapunguzwaje tangu siku wanapoingia hadi siku wanapokufa?

Swali la kwanza lina mifano ya karibu na sisi. Maabara zinazofuga mbu kwa ajili ya utafiti wa malaria zinaweza kuwalisha damu iliyopashwa moto nyuma ya utando mwembamba, badala ya kumfunga sungura na kumweka mahali mbu watakapomnyonya. Uchunguzi wa kichaa cha mbwa, ambao zamani ulitegemea kuwadunga panya ubongoni na kusubiri waugue, sasa Shirika la Afya Duniani linapendekeza ufanywe kwa seli zinazokuzwa maabara pale uwezo huo upo. Swali la pili ndilo linaloeleweka vibaya zaidi. Mtafiti anayetumia wanyama wachache mno kiasi kwamba matokeo yake hayawezi kuthibitisha lolote amewapoteza wote bure, na huenda mwingine akalazimika kulirudia jaribio lile lile. Kwa hiyo kupunguza maana yake ni kukokotoa idadi kabla ya kuanza, kwa msaada wa mtu anayejua takwimu, na baadaye kuandika kilichofanyika kwa ukamilifu ili wengine wasirudie. Mwongozo wa uandishi uitwao ARRIVE, uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2010 na kuboreshwa mwaka 2020, ulikuja kwa sababu hiyo: ripoti nyingi za utafiti hazikuwa hata zikitaja jinsia, umri au idadi ya wanyama waliotumika.

Sheria ni jambo jingine, na kila nchi ina historia yake. Uingereza ilitunga ya kwanza mwaka 1876. Inayotumika sasa, ya mwaka 1986, inadai leseni tatu tofauti, yaani ya mahali panapofanyiwa kazi, ya mradi wenyewe, na ya mtu binafsi anayemfanyia mnyama taratibu za majaribio. Leseni hiyo ya tatu ndiyo yenye uzito kwa mada yetu, kwa maana mtu haipati bila ya kuonyesha kwamba amepitia mafunzo.

Marekani ilifika kwa njia ya uchungu. Mwaka 1965 mbwa wa familia moja ya Pennsylvania, aliyeitwa Pepper, alitoweka shambani kwao, akapita mikononi mwa wachuuzi wa mbwa, na akafia katika maabara ya hospitali moja mjini New York kabla ya wenyewe kumpata. Kisa hicho, pamoja na picha za magazeti zilizoonyesha hali ya mbwa katika nyua za wachuuzi, ziliamsha hasira ya umma kiasi kwamba Rais Lyndon Johnson alisaini sheria Agosti 24, 1966. Kwa kuwa chimbuko lake lilikuwa mbwa wa watu kuishia maabara, sheria hiyo iliwatazama zaidi mbwa, paka, nyani, sungura na simbilisi. Hadi leo tafsiri yake ya neno mnyama haiwahusishi panya wa jamii mbili kuu za maabara, yaani panya wadogo na panya wakubwa, wala ndege waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, na jambo hilo liliandikwa waziwazi katika marekebisho ya mwaka 2002. Panya hao, ambao ndio wengi kuliko wanyama wote wa maabara, hulindwa kwa njia nyingine: sera ya huduma ya afya ya umma ya nchi hiyo inayofungamana na fedha za utafiti, ambayo inahusu kila mnyama mwenye uti wa mgongo. Taasisi isiyopokea fedha hizo inaweza kubaki nje ya sera hiyo. Kwangu mimi huo ni upungufu usio na utetezi wa kisayansi, kwani hakuna anayedai kwamba panya hasikii maumivu. Kama asingeyasikia, asingetumika kujaribia dawa za kuyatuliza.

Umoja wa Ulaya ulikwenda mbali zaidi. Agizo lake la mwaka 2010, lililoanza kutumika Januari 2013, linawalinda wanyama wote wenye uti wa mgongo, wakiwemo samaki, na likawaongeza pweza, ngisi na jamaa zao, kwa sababu ushahidi wa uwezo wao wa kuhisi maumivu umekuwa mzito. Linamtaka pia mtafiti ataje mapema ukali wa jaribio lake: kama mnyama hataamka tena kutoka katika usingizi wa dawa, au kama mateso yatakuwa madogo, ya wastani au makali. Hoja ya kutaja mapema ni kwamba kamati inaweza kumlinganisha mtu na ahadi yake.

Kwetu, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyotungwa mwaka 1962, ambayo ina sehemu inayohusu majaribio na inamtaka mfanyaji awe na leseni. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nayo inagusa matumizi ya wanyama katika utafiti. Afrika Kusini ina hata kiwango cha kitaifa kinachojitegemea, SANS 10386, kinachoeleza namna ya kuwatunza na kuwatumia wanyama kwa shughuli za kisayansi. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo baadhi ya watu, kwamba Afrika haina sheria. Pengo lililopo liko zaidi kati ya sheria na chumba cha wanyama, na ndipo miongozo na mafunzo vinapopaswa kuingia.

Mwongozo unaotumika zaidi duniani ni ule wa Marekani, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963 na ambao toleo lake la nane ni la mwaka 2011. Humo ndimo yalimo yale majedwali ya vipimo: ukubwa wa kizimba kwa uzito wa mnyama, joto la nyuzi 20 hadi 26 kwa panya na nyuzi 16 hadi 22 kwa sungura, unyevu wa asilimia 30 hadi 70, hewa ya chumba kubadilishwa mara 10 hadi 15 kwa saa. Shirika la AAALAC, lililoanzishwa mwaka 1965, hutuma wataalamu wake kuikagua taasisi iliyojitolea kukaguliwa, likaipa ithibati ikiridhika. Ithibati hiyo ni ya hiari na haichukui nafasi ya sheria. Kamati ya ndani nayo, ambayo Marekani iliifanya ya lazima kwa marekebisho ya mwaka 1985, husoma kila andiko la utafiti kabla ya mnyama kuguswa. Lazima iwe na daktari wa wanyama na mtu wa nje asiye na uhusiano na taasisi, na ina mamlaka ya kuusimamisha mradi uliokwisha kuanza.

Vipimo vya majedwali vinasaidia, lakini havimalizi kazi. Tuchukue joto. Nyuzi 20 hadi 26 ni kiwango kinachowafaa watu waliovaa makoti ya maabara, ilhali panya mdogo akiachiwa achague husogea kwenye nyuzi zinazokaribia 30. Katika chumba cha nyuzi 22 mwili wake hutumia nguvu nyingi kujipasha moto, na hilo hubadilisha hata matokeo: watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2013 kwamba uvimbe wa saratani hukua haraka zaidi kwa panya wanaokaa kwenye baridi hiyo kuliko wanaokaa kwenye nyuzi 30. Dawa yake si lazima iwe mashine. Ukimpa panya karatasi laini za kutosha kujengea kiota, atajitafutia joto lake mwenyewe, na mhudumu aliyefunzwa atajua kwamba kiota kilichojengwa vizuri, chenye kuta na paa, ni habari njema, na kwamba kiota kilichoachwa bila kujengwa na panya aliyekuwa mjenzi hodari jana yake ni dalili ya kuugua au ya maumivu.

Hilo linatuingiza katika kiini cha mafunzo, nalo ni kumtambua mnyama anayeumia. Panya, sungura na simbilisi ni mawindo, na mawindo hayatangazi udhaifu wake. Isitoshe, panya huamka usiku, kwa hiyo anayepita mchana akitazama vizimba kwa haraka huwaona wote wamelala na kuandika daftarini kwamba wote wazima. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Jeffrey Mogil wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, lilichapisha kipimo cha kusoma uso wa panya mdogo. Mtazamaji hukagua mambo matano: macho yamefumbwa kiasi gani, pua imetuna namna gani, mashavu yamevimba vipi, masikio yamegeukia wapi, na sharubu zimesimama au zimelazwa. Kila jambo hupewa alama sifuri, moja au mbili. Tangu hapo vimetengenezwa vipimo vya namna hiyo vya panya wakubwa, sungura, farasi na wengineo. Ninachokithamini katika kazi hiyo ni kwamba ujuzi ambao zamani ulisemekana kuwa kipaji cha mhudumu mzoefu umegeuzwa kuwa kitu kinachofundishika, kinachopimika, na ambacho watu wawili wanaweza kukaguana.

Kundi hilo hilo lilitoa mwaka 2014 matokeo mengine yaliyowashangaza wengi: harufu ya wanaume, hata ya fulana tu iliyovaliwa na mwanamume usiku uliotangulia, huwatia panya msongo unaoficha dalili zao za maumivu, jambo ambalo harufu ya wanawake haikulisababisha. Hakuna aliyependekeza wanaume waondolewe kazini. Funzo lake kwa maabara ni kwamba anayemshika mnyama ni sehemu ya jaribio, na kwa hiyo aandikwe katika kumbukumbu, asibadilishwe ovyo katikati ya kazi, na wanyama wapewe muda wa kumzoea.

Mafunzo yenyewe hupangwaje? Ulaya imeyagawa kwa kufuata kazi ambayo mtu ataifanya. Wapo wanaowafanyia wanyama taratibu za majaribio, wapo wanaobuni taratibu na miradi, wapo wanaowatunza, na wapo wanaowaua. Kila kundi lina masomo yake, na yapo masomo ya msingi ambayo wote huyapitia, yaani sheria, maadili, baiolojia ya mnyama husika, na utambuzi wa maumivu. Muungano wa vyama vya wataalamu wa Ulaya, FELASA, ulioanzishwa mwaka 1978, ulikuwa umekwisha kuandaa mitaala ya namna hiyo kabla ya agizo la mwaka 2010. Agizo lenyewe likaongeza sharti ambalo naliona ni muhimu kuliko yote: mtu akimaliza kozi haachiwi afanye kazi peke yake, bali husimamiwa mpaka atakapothibitisha umahiri wake. Cheti cha darasani kinaonyesha kwamba mtu amesikia na kuelewa. Umahiri huthibitishwa kwa kutazamwa akifanya kazi, utaratibu mmoja baada ya mwingine, na kwa kila aina ya mnyama, kwa sababu anayejua kumdunga sindano panya hajui kwa hivyo kumdunga sungura.

Marekani ina chama cha wataalamu wa wanyama wa maabara, AALAS, ambacho mizizi yake ni mwaka 1950, na ambacho huwatahini wahudumu na mafundi katika ngazi tatu, kila ngazi ikidai elimu pamoja na muda wa kazi. Faida yake inavuka mtihani. Mhudumu anayefahamu kwamba kazi yake ina ngazi, jina na heshima hubaki kazini, na ujuzi hubaki pamoja naye. Mahali ambapo mhudumu wa wanyama huhesabiwa kuwa kibarua wa kufagia maranda, ujuzi huondoka kila mwaka na panya hushikwa kila mara na mikono mipya.

Ni vyema tuone kwa karibu mambo ambayo mtu hufundishwa. Sungura ana miguu ya nyuma yenye nguvu kuliko mgongo wake unavyoweza kuhimili. Akinyanyuliwa bila ya kuegemezwa makalio, akarusha teke moja, anaweza kujivunja uti wa mgongo mikononi mwa mshikaji. Kwa hiyo hafundishwi mtu kumshika masikio, kama tunavyoona sokoni, bali kumshika ngozi ya mabegani kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukibeba uzito wote wa nyuma, na kichwa chake kikafichwa chini ya kwapa la mshikaji ili giza limtulize. Panya mdogo wa gramu 25 ana damu isiyofika mililita mbili mwilini mwake. Kawaida inayofuatwa ni kutochukua zaidi ya asilimia kumi kwa mara moja, na hiyo ni chini ya mililita 0.2, matone kama matatu hivi. Mwanafunzi anayesema "nitaongeza kidogo tu" hana budi aelewe kwamba kidogo hicho ni sehemu kubwa ya uhai wa mnyama aliye mbele yake. Katika kumnywesha dawa kwa mrija, mrija hupimwa kwanza kwa nje, kutoka mdomoni hadi ubavu wa mwisho, na huingizwa bila ya nguvu. Ukikwama, unatolewa na kuanzwa upya, kwani kusukuma ni kutoboa koo au kuimwaga dawa mapafuni. Sindano hubadilishwa kwa kila mnyama, maana ncha hupoteza makali yake baada ya kupita ngozi mara moja. Mambo haya hujifunzwa kwanza kwa vifaa vya plastiki na kwa mizoga, ili mnyama hai asiwe wa kwanza kulipia mkono usiojua.

Kuna upande wa mafunzo unaosahaulika, ambao ni kumfundisha mnyama mwenyewe. Katika vituo vinavyowatumia nyani na tumbili, kama taasisi ya utafiti wa nyani iliyopo Karen jijini Nairobi, wanyama hao ni wenye akili, hukumbuka nyuso, na huishi kwa makundi. Kumtenga mmoja katika kizimba kidogo kunaweza kumfanya ajing'ate na kujinyofoa manyoya. Marekebisho ya sheria ya Marekani ya mwaka 1985 yalidai ustawi wa kiakili wa nyani uzingatiwe, na tangu wakati huo imeenea mbinu ya kumzoesha mnyama, kwa kumtuza kipande cha tunda, autoe mkono wake mwenyewe kwenye nafasi ya kizimba na kuutuliza wakati wa sindano. Kumzoesha kunahitaji siku nyingi za subira kwa mhudumu. Badala yake kuna ukuta wa kizimba unaovutwa kumbana mnyama mpaka asiweze kugeuka, na kila aliyewahi kusikia kelele za tumbili aliyebanwa hivyo anajua ni kwa nini subira hiyo ina thamani.

Mafunzo humlinda mtu pia. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt nchini Ujerumani, na Belgrade, iliyokuwa Yugoslavia, walianza kuugua homa kali ya kutokwa na damu baada ya kufanya kazi na tumbili walioletwa kutoka Uganda, ambao figo zao zilitumika katika utengenezaji wa chanjo. Waliougua walikuwa 31, wakiwemo walioambukizwa na wagonjwa wa kwanza, na 7 walifariki. Virusi hivyo vikaitwa kwa jina la mji wa Marburg. Tangu wakati huo karantini ya wanyama wapya, glavu, vikinga uso na utaratibu wa kutoa taarifa kila mtu anapokwaruzwa au kuumwa vimekuwa masomo ya siku ya kwanza. Hata pasipokuwa na virusi vya kutisha, mzio unaotokana na mkojo na manyoya ya panya huwatesa wahudumu wengi, na anayekohoa kila aingiapo chumbani hawezi kukaa humo kwa utulivu akamtazama mnyama.

Tukirudi pwani yetu, vipimo vya majedwali vinakutana na hali ya hewa isiyofanana na ile vilikoandikwa. Dar es Salaam au Mombasa, unyevu hupita asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na umeme ukikatika mchana wa Februari, chumba kilichofungwa madirisha kwa kutegemea kiyoyozi hugeuka tanuri kwa muda mfupi. Taasisi inayoiga jengo la Ulaya bila ya kufikiri hivyo huwaweka wanyama katika hatari kubwa kuliko ile yenye madirisha mapana ya wavu, dari ya juu, vizimba vichache kwa chumba, na kipimajoto kinachosomwa na kuandikwa mara mbili kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Miongozo yenyewe inaruhusu hilo, kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi yake hutaja lengo la kufikiwa na kuacha njia kwa uamuzi wa mtaalamu. Lakini uamuzi wa mtaalamu unamhitaji mtaalamu, na hapo ndipo uwekezaji unapopaswa kuanzia: daktari wa wanyama aliyesomea wanyama wa maabara, anayepatikana kwa simu hata usiku, na wahudumu wenye mikataba ya kudumu. Bajeti za miradi mingi hutaja mashine kwa jina na bei, na kumtaja anayewalisha wanyama kwa mstari mmoja.

Somo gumu kuliko yote huwekwa mwishoni mwa mitaala, ingawa linapaswa kuwapo tangu mwanzo wa mpango, nalo ni kifo. Kabla ya jaribio kuanza, mtafiti huandika dalili ambazo zikionekana mnyama hatasubiriwa afe mwenyewe: kupungua uzito kwa asilimia 20 ni mpaka unaotumika sana, na wengine huongeza kushindwa kufikia maji, kupumua kwa shida, au uvimbe kupita kipimo fulani. Bila ya mipaka hiyo kuandikwa, kila anayepita huacha uamuzi kwa anayefuata, na mnyama hufa taratibu kati ya zamu mbili. Anayeua hufunzwa njia iliyoidhinishwa kwa aina ile ya mnyama, hufunzwa kuhakikisha kwamba amekufa kweli kabla ya kumwondoa, na hufunzwa kutofanya hivyo mbele ya wenzake walio hai. Ni kazi inayolemea moyo, hasa kwa yule yule aliyewalisha kwa miezi. Vituo vinavyojali huigawa zamu hiyo, humruhusu mtu kuomba aondolewe kwa muda, na huzungumza naye waziwazi badala ya kumwambia azoee.

Na mhudumu huyo anapoona jambo lisilo sawa? Kanuni za Marekani zinaorodhesha, miongoni mwa mambo ambayo kila mfanyakazi lazima afundishwe, njia ya kutoa taarifa kuhusu kasoro katika matunzo ya wanyama, na zinakataza aliyetoa taarifa hiyo kuadhibiwa au kubaguliwa. Ulaya inataka kila mradi uwe na mtu mwenye wajibu wa kuhakikisha kwamba maumivu yasiyo ya lazima yanasitishwa, hata kama jaribio liko katikati. Katika taasisi ambayo mhudumu hana cheo na profesa ana mradi wenye fedha, haki hiyo haifanyi kazi kwa kuandikwa tu: jina la mwenyekiti wa kamati na namba ya simu ya daktari wa wanyama vibandikwe kwenye mlango wa chumba cha wanyama, kwa Kiswahili kinachosomeka, na mhudumu aambiwe siku yake ya kwanza kazini, mbele ya watafiti wenyewe, kwamba anaruhusiwa kuipiga namba hiyo bila ya kumwomba mtu ruhusa.